Siku Moja kwa Wiki: Dansi ya Ireland na Sisi wa Bomang'ombe

Mhadhara wa wazi kwa wakazi wa Bomang'ombe, Wilaya ya Hai

 

Nilipomtajia jirani yangu mada ya leo aliniuliza, "Dansi ya Ireland? Kwani za Machame zimekwisha?" Ni swali la haki, na wengi wenu mnaliuliza moyoni. Jibu langu ni kwamba sijaja kuwaomba mziache ngoma zenu mkacheze za watu. Nimekuja kuzungumzia utaratibu. Watu wa nchi ndogo iliyoko magharibi mwa Uingereza, wenye historia inayofanana na yetu kwa mengi, walijiwekea utaratibu ili dansi zao zisife: siku moja kwa wiki, ukumbi mmoja, mlango ulio wazi kwa asiyejua hata hatua moja, na sharti ambalo halijaandikwa popote kwamba anayejua atacheza na asiyejua. Dai langu jioni hii ni kuwa ngoma haitunzwi na jukwaa, haitunzwi na wizara, wala haitunzwi na harusi. Ngoma hutunzwa na wiki.

Usiku wenyewe ulivyo

Wengi tukisikia dansi ya Ireland tunakumbuka Riverdance: safu ndefu ya wachezaji, mikono imebana mbavuni, viatu vinaichapa sakafu. Onyesho lile lilizaliwa Dublin tarehe 30 Aprili 1994 likiwa la kujazia muda tu, wakati kura za shindano la nyimbo la Eurovision zinahesabiwa. Mwaka uliofuata likawa onyesho kamili na kuzunguka dunia. Wale ni weledi waliofundwa tangu utotoni. Wewe unakata tiketi, unaketi, unapiga makofi, unarudi nyumbani ukiwa hujui hatua hata moja. Silo ninalolisema.

Ninalolisema ni céilí, linalotamkwa "keili". Ni dansi ya watu wote, inayofanyika kila wiki katika kumbi za parokia, za shule na za vilabu, huko Ireland na kokote watu wake walikohamia, kuanzia London hadi Boston na Sydney. Mara nyingi sehemu ya kwanza ya jioni ni ya wageni: wanafundishwa hatua za msingi na michoro miwili mitatu. Baada ya hapo wazoefu wanaingia na wote wanachanganyika. Kuna fidla, kodiani, filimbi, na ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi iitwayo bodhrán. Pasipo na wapigaji, kuna spika. Na daima kuna mtu mmoja pembeni anayeita hatua kwa sauti, ili aliyesahau akumbushwe bila kuulizwa kwa nini amesahau.

Tuichukue dansi moja tuitazame kwa karibu. Inaitwa Siege of Ennis, na mgeni hufundishwa mapema. Watu wanne, yaani jozi mbili, wanasimama mstari mmoja na kushikana mikono. Mbele yao kuna mstari mwingine wa wanne wakiwatazama. Nyuma ya kila mstari kuna mwingine, hivyo hivyo hadi ukumbi unajaa. Muziki ukianza, mistari miwili inasogeleana, inarudi. Inasogeleana tena, inarudi. Kisha jozi za mstari mmoja zinabadilishana nafasi kwa hatua za pembeni, moja ikipita mbele na nyingine nyuma, halafu kila jozi inarudi ilikotoka. Kisha unamshika aliye mbele yako mnazunguka naye. Mwisho mistari inasogeleana kwa mara nyingine: mmoja unainua mikono juu na mwingine unapita chini yake. Ukitokeza upande wa pili unakutana na watu wanne wapya, na mambo yanaanza upya. Mzunguko wote hauchukui dakika moja.

Angalieni kinachotendeka hapo. Aliyekosea hapati nafasi ya kuona haya, kwa sababu kabla haya haijamfika usoni, wale aliowakosea wameshapita chini ya mikono yake wakaenda zao. Fundi naye hapati nafasi ya kujitenga na mafundi wenzake, maana dansi yenyewe inamng'oa na kumpeleka kwa mgeni. Nyimbo mbili tatu zikiisha, kila mtu ameshikana mkono na karibu nusu ya ukumbi. Mkuu wa shule amemzungusha muuza ndizi, dereva wa bodaboda amepita chini ya mikono ya mama mchungaji. Hakuna hotuba ya umoja iliyotolewa. Mchoro wa dansi umefanya kazi hiyo peke yake.

Na hatua zenyewe? Ya msingi ni ya tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, ukipokezanisha miguu. Ya pembeni ni ya saba: unahesabu moja hadi saba ukielekea upande mmoja, mguu wa nyuma ukiufuata wa mbele, kisha unafunga kwa tatu mbili palepale ulipofika. Yeyote aliyewahi kusimama katika kwaya ya usharika akaenda kulia na kushoto pamoja na wenzake bila kumkanyaga wa pembeni ana nusu ya ujuzi huo tayari.

Dansi hizi zilikotoka

Msidhani dansi hizi zilishuka kutoka mbinguni zikiwa na hati ya uraia wa Ireland. Katika karne ya 18 walikuwapo walimu wa dansi waliotembea kijiji hadi kijiji, wakikaa majuma kadhaa na kufundisha vijana kwa ujira, kisha wakihamia kwingine. Inasimuliwa kuwa mwanafunzi asiyejua kulia na kushoto alifungwa nyasi kavu mguu mmoja na mabua mguu wa pili, mwalimu akawa anaita "nyasi!" na "mabua!" badala ya kulia na kushoto. Ndiyo maana nasema utamaduni wa kumvumilia asiyejua ni wa zamani kwao. Mwalimu hakumfukuza mjinga, alimfunga nyasi.

Mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya vita vya Napoleon, ikaingia kadrili kutoka Paris: jozi nne zikisimama kwa umbo la mraba. Watu wa Ireland wakaichukua, wakaivua muziki wake na kuivika wa kwao, na leo kila eneo lina seti zake, za Connemara mbali, za Kerry mbali. Ukoo huohuo wa dansi ulivuka pia hadi Bahari ya Hindi. Kule Shelisheli upo hadi leo, unaitwa kamtole, unachezwa kwa fidla na kodiani, na kuna mtu wa kuita hatua. Kwa hiyo dansi hii ina binamu yake mbele tu ya pwani yetu.

Mwaka 1893 ikaanzishwa Dublin jumuiya iliyoitwa Gaelic League, lengo lake likiwa kuifufua lugha ya Ireland iliyokuwa ikimezwa na Kiingereza. Ni mwaka uleule ambao wamisionari wa Leipzig walifika hapa Machame. Tarehe 30 Oktoba 1897 tawi la London la jumuiya hiyo liliandaa usiku wa dansi katika ukumbi wa Bloomsbury, na huo ndio unaohesabiwa kuwa céilí ya kwanza ya mtindo huu. Tafakarini jambo hili: dansi ya nyumbani ilipangwa na watu waliokuwa mbali na nyumbani. Walikuwa makarani, walimu na vibarua katika jiji la mtawala wao, wakitafuta mahali pa kukutana ambapo hawangeitwa wageni. Sisi ambao nusu ya watoto wetu wako Dar es Salaam, na ambao mlima wetu hujaa kila Desemba kisha hubaki kimya Januari, hatuhitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Safari yao haikuwa nyepesi. Mwaka 1925 maaskofu wa Ireland walitoa tamko kali kuhusu maovu ya dansi, likasomwa makanisani. Mwaka 1935 ikapitishwa sheria ya kumbi za dansi: hakuna dansi ya hadhara bila kibali cha hakimu. Dansi za njia panda, ambapo vijana wa vijiji jirani walikutana jioni mahali barabara zinapoachana, zikafifia. Hata dansi za majumbani zilisumbuliwa. Wakereketwa wa utamaduni nao walikuwa wakigombana wao kwa wao: dansi ipi ni ya Ireland hasa, ipi ni ya kigeni? Seti zilizotokana na kadrili zikaonekana najisi kwa kuwa zilitoka Ufaransa, ingawa wazee wa vijijini walikuwa wamezicheza vizazi kadhaa.

Zilinusurikaje? Mwaka 1951 kikaundwa chama cha wanamuziki, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chenye matawi mitaani na vijijini. Mwaka 1973 ikaanza shule ya kila kiangazi katika mji mdogo wa Miltown Malbay, kwa heshima ya mwanamuziki Willie Clancy aliyefariki mwaka huo. Katika miaka ya 1980 na 1990 mwalimu kama Connie Ryan wa Tipperary alizunguka nchi nzima na nje yake akifundisha seti ambazo zilikuwa zimebaki vichwani mwa wazee wachache. Wanafunzi wake wakarudi makwao wakafungua madarasa ya kila wiki. Riverdance iliikuta kazi hiyo imeshafanyika. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Iliyodumu kule ni ile isiyovuma, ya Jumanne usiku, katika ukumbi wa parokia wenye viti vya kukunja.

Mlima huu na watu wa Ireland

Sisi na watu hao tunafahamiana kuliko tunavyokumbuka. Tangu miaka ya 1920 hadi 1959 Wakatoliki wa Kilimanjaro waliongozwa na maaskofu wawili mfululizo kutoka Ireland, wote wa Shirika la Roho Mtakatifu: Henry Gogarty, kisha Joseph Byrne, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Moshi lilipoundwa mwaka 1953. Mwaka 1960 akashika Joseph Kilasara, mwana wa nchi. Tunawakumbuka watu wale kwa makanisa na shule. Lakini pimeni miaka: ile ambayo Kanisa lao nyumbani lilikuwa likivutana na dansi ndiyo hiyohiyo waliyokuwa wakiongoza huku.

Huku nako mvutano ulikuwapo, na si kwa Wakatoliki peke yao. Wamisionari wengi waliitazama ngoma kwa shaka, kwa kuwa waliiona imeshikamana na jando, mbege na matambiko. Mjerumani Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Moshi ya Kale tangu mwanzoni mwa karne iliyopita hadi 1938, alikuwa na mawazo tofauti: alitaka Mkristo wa Kichagga abaki katika ukoo na mila zake. Hata hivyo kizazi baada ya kizazi tulijifunza kwamba muumini mzuri huimba na hachezi. Baadaye kwaya zikaturudishia kucheza kwa mlango wa nyuma, na hakuna mchungaji anayeshangaa tena.

Sisi tulikuwa na nini

Asije mtu akadhani kwamba kukutana kila wiki kucheza ni jambo la Ulaya. Mwishoni mwa karne ya 19 pwani ya Kenya ilizaa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na gwaride, yenye vyeo vya ufalme na vya jeshi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Katika Tanganyika wanachama waligawanyika kati ya Marini na Arinoti, na mtu akihamia mji mwingine aliwakuta wa upande wake wakampokea, wakamsaidia akiugua, wakamzika akifa. Beni ilikuwa ngoma, na ilikuwa pia kile tunachokiita leo chama cha kufa na kuzikana.

Miaka ya 1930 ikaja dansi mijini. Vilabu vikacheza waltz na foxtrot kwa santuri, halafu zikaja bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948, NUTA Jazz mwaka 1964, Mlimani Park mwaka 1978. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake: NUTA na Msondo, Western Jazz na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, Mlimani Park na Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mpenzi wa bendi alijua acheze vipi mtindo wa bendi yake, na alikwenda ukumbini wiki hii na wiki ijayo. Wazee mlioko hapa mnaijua vizuri kuliko mimi ile hali ya kumwangalia mtu akicheza na kukisia shabiki wa nani.

Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na mwomboko. Katika miaka ya 1940 vijana wa Kikuyu waliichukua kodiani ya wazungu na dansi za jozi walizoziona, wakaongeza pete ya chuma inayogongwa kwa mdundo, na kutengeneza dansi ambayo hakuna anayethubutu leo kuiita ya kizungu. Ni hatua mbili na kuinama. Walichokifanya watu wa Ireland na kadrili ya Paris, Wakikuyu walikifanya na kodiani.

Kisha ukaja uhuru, na swali la ngoma ipi ni yetu. Desemba 1962, akihutubia Bunge mara baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni na vijana. Alisikitika kwamba wengi walijivunia kujua waltz, rumba, chachacha na nyinginezo ilhali Gombe Sugu au Lele Mama hawajazicheza, pengine hata kuzisikia hawajazisikia. Alisema kweli. Nchi ikaunda kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Novemba 1969 viongozi wa Mkoa wa Pwani walikuwa wameshapiga marufuku muziki wa soul, kama vile wenzetu wa Ireland walivyogombana na dansi za nje.

Sina nia ya kubeza kazi ya Bagamoyo. Imetoa wasanii hodari. Lakini tazameni kilichotokea kwa mtu wa kawaida. Ngoma iliyokuwa ya kuchezwa ikawa ya kutazamwa. Kiongozi anakuja, kikundi kinacheza dakika kumi juani, tunapiga makofi, ratiba inaendelea. Mtoto wa darasa la tano anajifunza kwamba ngoma ya asili ni kitu kinachofanywa na watu waliovaa sare mgeni rasmi akifika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa tunatunza wachezaji, kucheza tumeacha.

Kwaito ya harusini

Mtanipinga kwamba tunacheza sana, na mtataja harusi. Sawa, twendeni harusini.

Mnaijua saa ile. Chakula kimeshaliwa, MC ameshatania pande zote mbili, DJ anaweka wimbo na watu wanaanza kujipanga mistari katikati ya ukumbi. Ni kwaito. Hatua kulia, hatua kushoto, nyuma, kiguu kidogo, geuka. Hiyo nayo ni dansi ya pamoja, ya mistari, haihitaji mwenza, na imesambaa kutoka Tarime hadi Mtwara bila chuo wala kamusi. Mimi ninaiheshimu. Kama kuna dansi ya Watanzania wote leo, ndiyo hiyo.

Lakini mtazameni mgeni. Shangazi kutoka kijijini, au kijana ambaye hajazoea, anajipenyeza mstari wa mwisho ili amwige aliye mbele. Kwa zamu ya kwanza mambo yanakwenda. Kisha mistari inageuka. Ghafla yule aliyekuwa wa mwisho ndiye wa kwanza, hana mgongo wa kuutazama, na kamera ya video inamjia usoni. Anacheka kidogo, anashika gauni lake, anarudi kitini, na hasimami tena usiku ule. Hakuna aliyemkosea. Mchoro wa dansi ndio uliomtupa. Kwenye céilí mchoro unamshika mgeni mkono, na kwenye kwaito unamwacha mbele ya ukuta. Na pa kujifunzia hapapo, kwa sababu harusini kila mtu amekuja akiwa anajua tayari, au akijifanya anajua.

Kuna jambo la pili, na hili ni la fedha. Kucheza kwaito lazima ualikwe, na kualikwa lazima uwe umechangia. Kamati, kadi, ahadi, simu za kukumbushia. Mstaafu ambaye pensheni yake haitoshi michango ya Desemba hachezi Desemba. Mlango mwingine ni baa, na huo una watu wake. Mwalimu wa kike wa miaka hamsini, kijana wa sekondari, mzee wa usharika, mama mwenye kibanda stendi: hawa wote wakitaka kucheza jioni moja tu, kwa raha yao, waende wapi hapa Bomang'ombe? Mlango wa tatu haupo. Ndio ninaouomba.

Hoja za wanaopinga

Wa kwanza atasema, hizo ni za wazungu. Namkumbusha yaliyotokea mwaka 2020. Wimbo wa Jerusalema wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, ukiwa na hatua zilizoanzia kwa kikundi cha Angola, uliizunguka dunia iliyokuwa imejifungia. Polisi wa Uswisi waliucheza, wakawapa changamoto polisi wa Ireland, na Februari 2021 polisi hao, Garda, wakatoa video yao wakiwa na sare, mistari imenyooka, wakicheza dansi ya Kiafrika. Hakuna aliyeandika gazetini kwamba Ireland imepoteza utamaduni wake. Mwaka huohuo wa 2020 msichana Mmarekani mweusi, Morgan Bullock, aliweka mtandaoni video akicheza hatua za Ireland kwa muziki wa kizazi kipya. Ikasambaa, na Riverdance wakamwalika. Hatua hazina pasipoti.

Wa pili atasema, dini hairuhusu. Nampa taarifa kwamba katika céilí watu hushikana mikono na kubadilishana wenza kila dakika, taa zote zikiwa zimewaka, bibi na wajukuu wakiwa mstari mmoja. Maaskofu wa 1925 walikuwa na hofu ya dansi za gizani na za usiku wa manane, na mwishowe parokia nyingi zikajenga kumbi zao na mapadre wakasimama mlangoni. Viongozi wetu wa dini wanaweza kusimama mlangoni pia. Au waingie, nafasi ipo.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, atauliza: kwa nini tusianze na za kwetu? Ninakubaliana naye kabisa. Gaelic League haikuiga ngoma za Wachagga ili kuokoa za kwao. Hata sisi, katika jioni ya wiki, tuanze na mitindo ya dansi ambayo wazee hawa wanaijua, twende kwaito iliyofundishwa polepole, tuingize ngoma za Machame, Kibosho, Marangu na Rombo kadiri wajuzi watakavyojitokeza, na katikati yake tuweke dansi mbili tatu za Ireland. Kwa nini hizo? Kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya kuchanganya wageni na wenyeji, na kazi hiyo zinaifanya vizuri. Tukishaujua mchoro wa Siege of Ennis, hakuna anayetukataza kuupigia Sikinde.

Tufanyeje

Wako watakaosema watu wetu hawawezi kushika jambo la kila wiki. Si kweli. Vikoba vinakutana kila wiki na hesabu zinafungwa. Jumuiya ndogondogo zinakutana kila wiki. Kwaya zinafanya mazoezi hata mvua ikinyesha, na mwanakwaya mpya wa sauti ya pili huwekwa katikati ya wazoefu wawili hadi azoee. Hiyo ndiyo mbinu yote ninayoieleza jioni hii. Tunayo, tumeiweka kwenye fedha na sala, hatujaiweka kwenye furaha.

Mahitaji ni machache. Ukumbi wa shule au wa usharika wenye sakafu isiyoteleza. Sakafu zetu ni za saruji, na saruji haina huruma na magoti, kwa hiyo hatua ziwe za kutembea, kuruka waachiwe vijana. Spika moja. Mtu wa kuita hatua kwa Kiswahili, mwenye sauti na subira. Kiingilio kidogo cha kulipia umeme na mlinzi, na asiye nacho apite. Kuanza saa kumi na moja jioni kwa wanaojifunza, saa kumi na mbili wote, kufunga saa mbili ili wa Sanya Juu, wa Kwa Sadala na wa barabara ya KIA wapate usafiri. Umeme ukikatika, kwaya zina ngoma na bendi za shule zina filimbi. Dansi za namna hii zilichezwa muda mrefu kabla ya spika.

Makao ya wilaya yako hapahapa. Afisa utamaduni yupo, na kazi yake isiwe kupanga vikundi vya kumpokea mgeni rasmi tu. Halmashauri itupe ukumbi jioni moja kwa wiki kwa mwaka mmoja. Makanisa na msikiti wasikie na kushauriwa kuanzia mwanzo, si baada ya kibali. Wastaafu mnaojua dansi za zamani mjiandikishe kuwa walimu. Nanyi vijana mlioko nyuma, mnaojua kila hatua inayotoka kwenye simu, mje na sharti moja: wimbo wa kwanza mcheze na mtu ambaye hamjawahi kucheza naye.

Bomang'ombe ni njia panda. Watu wa mlimani, wa tambarare na wa safari hupita hapa kila siku, wengine wanahamia na kukaa miaka bila kumjua jirani. Mahali pa namna hii ndipo wenzetu walipochezea kabla sheria haijawafukuza. Sisi hakuna sheria inayotufukuza. Kinachokosekana ni siku. Naomba tusitawanyike jioni hii kabla hatujaichagua, na wiki ijayo, saa kumi na moja, wa kwanza mlangoni awe yule asiyejua hata hatua moja.